Namba Arobaini na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa presha kasema niache kufoka, niandike. Haya, naandika. Nimechukua daftari la miraba la mtoto aliyehama shule, nikachana kurasa zake mbili za mwanzo, na neno langu la kwanza ni hili: nimekasirika. Miaka ishirini na sita nafundisha hesabu, na leo nimekalishwa kwenye kiti cha plastiki kuambiwa kwamba sijui kumpima mtoto.

Aliyeniambia ni afisa elimu wa wilaya. Walimu tunamwita Bwana Takwimu, ila akiwa mbali. Kaja na kishikwambi kimoja kwa kila shule, na binti mmoja mpole wa kutufundisha, na huyo binti kapewa dakika arobaini kwa walimu themanini. Mfumo wenyewe ni huu. Kila Ijumaa maswali ya hesabu yanatoka wilayani. Mtoto anaandika namba yake juu ya karatasi, anasiliba viduara vya majibu, mwalimu anapiga picha kwa kishikwambi, kisha karatasi zinafungwa guniani zinakwenda wilayani na hazirudi. Mfumo unasahihisha wenyewe. Mtoto anatoka kijani, njano au nyekundu. Atakayekuwa nyekundu mpaka mwisho wa Aprili hasajiliwi kwa mtihani wa kumaliza shule.

"Mashine haina upendeleo, walimu wangu," kasema huku anatabasamu. "Ninyi ni wazazi, mna huruma. Huruma si alama."

Anauma na kupuliza, yule. Nikanyoosha mkono nikauliza: mashine ikikosea, mtoto amlilie nani? Kasema hilo ni swali zuri, tutalifikia. Hatukulifikia. Chai ikaja.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Bati la darasani linavuja palepale pa mwaka jana, juu ya meza yangu. Vishikwambi vimepatikana, bati moja halijapatikana. Nimeweka ndoo.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya kwanza ya mfumo. Watoto sitini na wawili, kila mmoja dawati lake, wengine tumewapeleka mpaka barazani ili wasichunguliane. Karatasi zikagawiwa.

"Mwalimu, tuandike namba gani?"

"Za rejista, zipi tena? Ninyi mna namba ngapi duniani?"

Wakacheka, wakaandika. Namba hizo kila mtoto anazijua kama anavyolijua jina lake, maana ndizo tunazoitana asubuhi. Wavulana wanatangulia, moja hadi thelathini na moja, kisha wasichana, thelathini na mbili hadi sitini na mbili. Ndivyo rejista zilivyo tangu mimi mwenyewe nasoma.

Wakapanga foleni na karatasi zao, nikapiga picha mpaka mkono ukafa ganzi. Mfumo unafungwa saa nane kamili mchana. Karatasi ya mwisho niliipiga picha saa nane kasoro dakika mbili.

Jumatano, 12 Machi

Matokeo yamekuja. Kimya ni nyekundu. Nne kati ya ishirini!

Lazima nimweleze huyu Kimya. Ni namba arobaini na saba, dawati la tatu dirishani, na jina hilo kapewa na wenzake kwa sababu anaweza kumaliza wiki bila kutoa neno. Lakini mpe sehemu, mpe asilimia, mpe matangi yale yanayojaa na kuvuja, uone. Anachora kisanduku, anakikata vipande, jibu hilo hapo. Mwaka jana nilikosea ubaoni. Alisubiri wenzake watoke, akaja akaweka kidole penye kosa, akaondoka zake. Wala hakusema kitu.

Analelewa na mama yake mdogo mwenye saluni karibu na kituo cha afya. Yule mama aliniambia wazi Januari: "Mwalimu, akisajiliwa mtihani, namsomesha mpaka mwisho, nikose mimi. Asiposajiliwa, kitana hiki hapa, aje anisaidie kusuka." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo ilivyo.

Na kijani ni nani? Usingizi! Mtoto mwenye tabia nzuri kabisa, ila akiegemeza kidevu mkononi tu, ndiyo basi. Kumi na tisa kati ya ishirini. Mwenyewe kaniuliza, "Mwalimu, ni mimi kweli?"

Mashine hii ina wazimu.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua tangu alfajiri, kishikwambi kinagandaganda, foleni ndefu. Kimya kaninyooshea mkono mara mbili. Nikamwambia akae, saa nane inakaribia.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda wilayani. Bwana Takwimu ana kioo kikubwa ukutani, shule zote zinawakawaka rangi kama taa za harusi. Nimemwambia mfumo wake umekosea. Kasema, "Mwalimu, wewe ni wa kumi na nne tangu Jumatano kuniambia hivyo. Mnajua ninyi mna tatizo gani? Mna watoto wenu vipenzi."

Walimu kumi na wanne wanalalamika jambo moja, na mtu mzima haoni moshi! Kavaa miwani ya mbao, basi.

Jumatano, 19 Machi

Kimya nyekundu.

Jumatano, 26 Machi

Nyekundu. Usingizi kijani. Ndoo imejaa mara tatu leo, na namba tisa, kijana wa nyuma ambaye hesabu zimempiga chenga tangu darasa la pili, yuko njano. Anatembea uwanjani kama waziri.

Mume wangu kaniuliza kwa nini nabonyeza kalamu hivi. Yeye ni fundi cherehani. Kasema, "Mke wangu, karatasi hiyo utaitoboa, na mimi sishoni madaftari."

Alhamisi, 3 Aprili

Leo nimerudi kwa Bwana Takwimu na ushahidi. Jumatatu niliwapa watoto mtihani wangu, maswali ishirini ya aina ileile, nikasahihisha kwa kalamu yangu. Kimya kapata kumi na tisa. Nikamtandikia karatasi mezani.

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningefurahi.

"Wastani wa darasa kwa mtihani wako ni ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na kwa mfumo, wiki nne mfululizo? Hebu soma mwenyewe."

Kumi na moja. Kumi na moja. Kumi na moja. Kumi na moja.

"Kwa hiyo mfumo unajua kusahihisha. Sasa niambie, mtihani wako walikaa wangapi dawatini?"

"Watatu, kama kawaida."

"Na wa mfumo?"

"Mmoja mmoja."

"Na jirani yake Kimya ni nani?"

Jirani yake ni kiranja wa darasa, msichana hodari. Mimi, mwalimu wa hesabu, nikazitazama zile kumi na moja nne, nikaikunja karatasi yangu. Nimetoka pale. Njia nzima nimejiuliza kama miaka yote hii nilikuwa napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, najisifia mtoto mwizi.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemwita Kimya ubaoni. Nikampa swali la tangi, rahisi, la kuanzia. Watoto sitini na mmoja wanamtazama mgongoni, mimi nimesimama karibu yake mikono kiunoni. Akashika chaki. Akachora kisanduku. Kisanduku hakikufunga. Akasimama tu.

Nikasema, na naandika kama nilivyosema: "Kumbe mwizi! Miaka yote hii ulikuwa unachungulia kwa jirani."

Chaki ikaanguka. Hakuna aliyecheka. Kiranja kasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mimi ndiye ninayechungulia kwake." Nikamwambia anyamaze, kuteteana wameanza lini.

Jumanne, 8 Aprili

Kimya hakuja.

Jumatano, 9 Aprili

Hakuja.

Ijumaa, 11 Aprili

Hakuja. Nimepiga picha karatasi sitini na moja, nimemaliza saa saba. Mvua imekatika kidogo. Nimekaa na lile gunia na sikujisikia vizuri.

Jumatano, 16 Aprili

Lazima niandike.

Matokeo ya Ijumaa yamefika saa nne. Nikatafuta jina la Kimya kwa mazoea tu. Nyekundu, tano kati ya ishirini.

Tano! Mtoto ambaye hakuwapo! Nikashuka chini ya orodha. Usingizi: "hakufanya." Usingizi alikuwapo. Nilimwamsha mwenyewe.

Nikaifungua rejista, imelowana pembeni kwa sababu ya lile bati, nikaiweka karibu na kishikwambi. Kwenye rejista namba arobaini na saba ni Kimya. Kwenye kishikwambi namba arobaini na saba ni Usingizi. Namba tisa ya rejista ni yule waziri wangu wa nyuma. Namba tisa ya kishikwambi ni Kimya. Mfumo haujui wavulana wala wasichana. Umewapanga wote pamoja, herufi kwa herufi, kuanzia A. Na mimi, kwa kinywa changu hiki, Ijumaa ya kwanza, niliwaambia watoto: za rejista, zipi tena.

Wiki sita kila mtoto anabeba alama za mwenzake. Kimya amebeba za namba tisa, Usingizi amebeba za Kimya. Na wastani? Wastani usibadilike kwa nini? Akina mama kumi wakichanganya vikapu sokoni, kila mmoja atarudi nyumbani na nyanya za mwingine, lakini nyanya ni zilezile. Hesabu ya darasa la nne hiyo. Miaka ishirini na sita!

Nikachukua karatasi moja tupu nikaandika namba, nikaipiga picha. Kumbe jina linatokea, pale juu pembeni, herufi ndogo kama mayai ya chawa, linakaa kidogo linapotea. Mara mia tatu na zaidi limenipita machoni.

Nikampigia simu rafiki yangu wa chuoni, anafundisha shule ya ng'ambo ya soko.

"Dada, Ijumaa ile ya kwanza uliwaambia watoto waandike namba gani?"

"Za rejista. Kwa nini?"

Nikamwambia. Kisha nikasikia, "Ala! Jamani, ala!" na kitu kikaanguka upande wake.

Wilaya nzima. Wote tuna rejista za namna moja, wote tumefanya kosa moja, na dakika zile arobaini hakuna aliyetuambia. Nimefoka. Daktari anisamehe. Nimeipiga ile ndoo teke, maji yamefika mpaka ofisi ya mkuu.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekwenda saluni. Wateja wawili, redio, harufu ya mafuta ya nywele. Kimya kasimama nyuma ya mteja na vibanio mkononi, anampa mama yake mdogo kimoja kimoja. Akanisalimia shikamoo bila kuinua macho.

Nikaeleza. Mama mdogo akasuka mpaka mwisho wa msuko, akafunga, ndipo akanigeukia.

"Mwalimu, mtoto karudi kwangu kaitwa mwizi. Siku tatu hakula. Leo unaniambia ni namba?"

"Ni namba, dada. Na ni mimi."

"Basi karekebishe kwanza huko mlikoharibu. Mkimsajili, nitamrudisha. Msipomsajili, usije tena hapa kuniletea habari za mashine."

Orodha inafungwa tarehe thelathini. Nimemtazama Kimya. Kwenye vumbi la kioo, chini pembeni, mtu alikuwa amechora visanduku vilivyokatwa vipande.

Jumatatu, 21 Aprili

Bwana Takwimu amenisikiliza mpaka mwisho. Akaufunga mlango mwenyewe.

"Mwalimu, takwimu hizi zimeshapanda juu. Wamenipongeza kwa barua. Unataka niseme nini?"

"Sema tumekosea."

"Tumekosea, au umekosea?"

"Nimekosea! Nimekosea mimi na walimu wote, na wewe uliyetupa dakika arobaini na gunia lisilorudi! Fungua magunia, bosi. Karatasi zina mwandiko wa watoto."

"Magunia elfu ngapi? Kwa ajili ya mtoto mmoja?"

"Kwa ajili ya wote. Ila huyo mmoja ana jina, na wewe hujaniuliza."

Hakuuliza. Kasema Ijumaa kuna kikao cha tathmini, nije, lakini nisilete vurugu. Kufa na tai shingoni, ndiyo kazi yake. Nikatoka. Kwenye korido nikamkuta yule binti wa mfumo, macho mekundu. Kasikia kila kitu kupitia ukutani. Kaniambia, "Mama, mwezi wa pili niliwaandikia kwamba majina yachapwe kwenye karatasi kabla hazijagawiwa. Wakasema wino ghali." Tukakaa kwenye benchi, tukaongea saa nzima.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimecheka leo. Nimecheka kwa hasira, lakini nimecheka.

Ukumbi wa wilaya, wakuu wa shule na walimu arobaini, mvua inapiga bati. Mlangoni karatasi ya mahudhurio, kila mtu anasaini kwa namba jinsi alivyoingia. Namba ya kwanza alikuwa mama wa usafi aliyekuja kufungua. Bwana Takwimu aliingia wa mwisho, kama mabosi wote.

Binti akasimama akasema tuanze na zoezi dogo la mfumo, maswali kumi ya darasa la sita, tuone jinsi ulivyo rahisi. Mimi nikasema, "Bosi atuongoze kwa mfano." Wakapiga makofi. Angekataaje? Akakaa, akasiliba viduara vyake haraka haraka, akaandika namba ya mahudhurio kama wote tulivyoambiwa. Mkuu mmoja alijaza mawili tu akatoka kupokea simu. Binti alikuwa ameyaingiza majina yote ya mlangoni, na mfumo ukayapanga kuanzia A, kama kawaida yake. Akapiga picha, akafunga karatasi guniani, akawasha kioo kikubwa.

Mama wa usafi: kumi kati ya kumi, kijani. Mwenyewe alikuwa pale pembeni anakausha maji sakafuni, hata penseli hakushika.

Afisa elimu wa wilaya: mbili kati ya kumi, nyekundu.

Mtu akacheka puani, na hapo bwawa likapasuka.

"Haiwezekani!" Kasimama. "Hizi ni hesabu za watoto! Mimi nimepata zote! Leteni karatasi yangu niione!"

Nikasema, "Karatasi ziko guniani, bosi. Hazirudi."

"Nimesema nimepata zote!"

"Mashine haina upendeleo."

Kutoka nyuma mtu akapaza sauti, "Mkuki kwa nguruwe!" na ukumbi mzima ukaitikia, "Kwa binadamu mchungu!" Mama wa usafi kainama juu ya fagio lake, mabega yanamtikisika.

Bwana Takwimu alibaki amesimama, anatazama jina lake lilivyo jekundu ukutani. Nilimngojea afoke, nikawa nimejiandaa. Akakaa polepole, akamwambia binti, "Fungua gunia." Binti akafungua, akaitoa karatasi yake. Zote kumi zilikuwa sahihi. Akaishika kwa mikono miwili.

Kisha akaniuliza, mbele ya watu wote, "Mwanafunzi wako ni nani?"

Nikamtajia jina lake kamili. Akaliandika.

Jumatatu, 28 Aprili

Barua imefika kila shule. Orodha ya nyekundu imefutwa, watoto wote wanasajiliwa. Kuanzia muhula ujao majina yatachapwa kwenye karatasi, karatasi zitarudi kwa mwalimu azione, na mwalimu atakuwa na wiki nzima ya kupinga kabla alama haijahesabiwa. Mafunzo ni siku mbili, na binti ndiye atakayeyapanga. Ni mambo ya maana, siwezi kukataa. Kishikwambi chenyewe sasa nakiona kitanifaa, kikiacha kunifokea saa nane.

Ila aya ya mwisho: "Wilaya inasikitishwa na hitilafu ya uingizaji namba iliyofanywa na walimu." Na walimu! Yeye hayumo! Nyani haoni kundule. Nimemsomea mume wangu kwa sauti, meza naipiga.

Akakata uzi kwa meno, akaniuliza, "Kwani ni uongo?"

Nimeikunja barua, nimekwenda kulala.

Ijumaa, 2 Mei

Jua. Ndoo imekauka.

Kimya karudi. Mama mdogo kamleta mwenyewe mpaka mlangoni, sare imepigwa pasi, akanitikisia kichwa akaenda zake. Nilikuwa nimejipanga tangu jana. Nikasimama mbele ya darasa nikasema kwamba niliwaambia waandike namba zisizo sahihi, kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba nilimwita mwenzao mwizi naye si mwizi. Nikamwomba radhi kwa jina lake. Usingizi alikuwa macho.

Kengele ilipolia Kimya akasubiri wenzake watoke, kama mwaka ule. Akaja mezani. Nilidhani ataniwekea kidole mahali.

"Nilitaka kukwambia, mwalimu," kasema. "Ile Ijumaa ya pili. Ulipopiga picha karatasi ya mwenzangu wa mbele, niliona jina la mtu mwingine kwenye kishikwambi. Nikanyoosha mkono."

"Lini? Mimi sikukuona."

"Uliniona. Uliniambia nikae."

Akachukua mkoba wake, akaenda kucheza.

Nimekaa na daftari hili tangu saa tisa. Nimejaza kurasa na kurasa za hasira, juu ya afisa, juu ya mashine, juu ya gunia, na nimezigeuza zote kurudi nyuma nikitumaini mtoto kakosea siku. Hakukosea. Tarehe kumi na nne Machi. Mistari miwili, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na nusu yake ni habari za mvua.